Qinghao: kwa Wachina wenyewe malaria inatibiwa kwa vidonge

Nyumbani Tanzania ukisema artemisia ni dawa ya Kichina ya malaria, ubishi umeisha. Majani yanatokota sufuriani mpaka maji yanageuka kahawia, mgonjwa anapewa vikombe vitatu kutwa. Hapa Guangzhou, qinghao, yaani Artemisia annua hiyo hiyo, inauzwa kwenye maduka ya dawa za asili na inapimwa kwa mizani: gramu 6 hadi 12 kwa siku, ndivyo mwongozo rasmi wa dawa wa China unavyosema. Inatiwa chunguni mwishoni, dawa nyingine zikishachemka, maana ikikaa sana motoni nguvu inapotea. Hupewa wenye homa za jioni na jasho la usiku. Mwenye malaria lakini anapimwa damu hospitali na kupewa vidonge, au sindano ya artesunate akizidiwa.

Sisi tumeshika nusu ya habari. Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliandika: chukua konzi ya qinghao, loweka majini, kamua, kunywa. Kuchemsha hakukutaja. Maneno hayo yalimpa Tu Youyou, mwanasayansi wa China, wazo la kuepuka joto, na mwaka 1971 akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa nyuzi 35 tu. Mwaka 1972 artemisinini, yaani dawa yenyewe iliyomo ndani ya jani, ikapatikana. Nobeli ikaja 2015. Tuzo ile ni ya kuitoa dawa ndani ya jani. Chai haimo.

Artemisinini haipendi maji. Vipimo vilivyochapishwa 2004 vilionyesha gramu 9 za majani katika lita moja zilitoa miligramu 94.5, wakati dozi ya siku ilikuwa miligramu 500. Na hayo yalikuwa majani mazuri. Pakanga ya milimani kwetu, Artemisia afra, inanukia karibu vilevile lakini artemisinini yake ni kidogo mno au hakuna.

Balaa ni kwamba chai inashusha homa. Siku ya pili mtu yuko sokoni, anatangaza kapona, kumbe vimelea vimepunguzwa tu. Wiki mbili tatu baadaye vinarudi. Ndiyo maana ya dawa ya mseto, yaani mbili kwa pamoja. Kwenye vidonge vya mseto vya ALu, artemetha, iliyotokana na artemisinini, inaua haraka na kutoka mwilini ndani ya saa chache, lumefantrini inabaki siku kadhaa kumalizia. Mtu wa kilo 35 na zaidi humeza vidonge 4 mara mbili kwa siku, siku 3, jumla 24. Dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, la sivyo lumefantrini hainyonywi vizuri. Nao wanaobeba paketi za chai kama kinga ya malaria wakienda nyumbani likizo ya Desemba wanajidanganya: kikombe cha asubuhi, jioni hakipo damuni.

Jambo moja nyumbani tunawazidi. China ilithibitishwa haina malaria tarehe 30 Juni 2021, kwa hiyo daktari kijana wa huku anaweza kuiona homa yako akawaza mafua. Zahanati ya kijijini kwetu ina kipimo cha haraka, na majibu hutoka ndani ya dakika 20. Ukirudi huku kutoka Dar kisha homa ikakupanda, hata mwezi ukiwa umepita, anza kwa kumwambia daktari ulikotoka na udai kipimo cha malaria siku hiyo hiyo.