Kosa la Susanoo lilikuwa shambani

Mtaje Amaterasu, mungu wa Kijapani, mbele ya vijana wapenzi wa katuni na gemu, wengi watakusimulia mapigano na miale ya moto. Sina ugomvi na katuni, nami huziangalia. Ila zimetunyima utamu wenyewe. Hadithi hizi, kama zilivyoandikwa katika kitabu cha Kojiki huko Japani mwaka 712, ni za watu wanaolima mpunga.

Amaterasu ni mungu wa kike wa jua, na mdogo wake Susanoo ana hasira za dhoruba. Baba yao, Izanagi, alikuwa akijiosha uchafu wa kuzimu. Dada akatokea kwenye jicho lake la kushoto, kaka puani. Siku moja Susanoo akapanda mbinguni kumuaga dada yake, wakashindana, akajiona mshindi, kichwa kikavimba. Sasa tazama alichofanya. Alibomoa kingo za majaruba ya dada yake. Akafukia mifereji ya maji. Kisha akaenda haja kubwa ndani ya ukumbi wa sherehe ya mavuno mapya, na kuutapakaza uchafu huo.

Dada akamtetea! Alisema ule uchafu pengine ni matapishi ya ulevi tu, na zile kingo labda mdogo wake aliona zinakula ardhi bure. Kila familia ina dada wa namna hii.

Uvumilivu wa dada uliisha Susanoo alipotoboa paa la nyumba ya kufumia nguo na kutupa ndani farasi aliyechunwa ngozi, mfumaji mmoja akafa. Amaterasu akajifungia pangoni, dunia ikawa giza. Miungu wakafanya kikao, wakawisha majogoo, wakatundika kioo, na Uzume, mungu wa kike, akacheza juu ya beseni lililofudikizwa mpaka nguo zikamlegea. Kicheko kikamtoa jua nje.

Wasimulizi wengi huishia kwenye ngoma hiyo. Mimi hurudi kwenye majaruba. Katika sala ya utakaso mkuu iliyohifadhiwa kwenye Engishiki, mkusanyo wa kanuni uliokamilika mwaka 927, orodha ya makosa ya mbinguni inaanza na kubomoa kingo na kufukia mifereji. Damu inakuja baadaye. Mkulima wa mpunga haoni ajabu: maji hushuka kutoka jaruba moja kwenda jingine, kwa hiyo ukingo mmoja ukibomolewa, anayelia si mwenye shamba peke yake. Mchepusha maji usiku ameua njaa ya nani? Ameileta kwa mtaa mzima.

Susanoo alitozwa faini, akakatwa ndevu, akafukuzwa. Huko Izumo, duniani, alimlewesha nyoka mwenye vichwa vinane na kumkatakata. Wapo wanaosema nyoka huyo ni mafuriko ya mto Hii wa huko Izumo, na mimi nakubaliana nao: baada ya kuharibu mashamba ya wenzake, jamaa anapewa kazi ya kuyalinda.

Na mpunga haujatoka kwenye picha. Mwaka 2019, baada ya Naruhito kurithi kiti cha ufalme wa Japani, magamba ya kasa yalipashwa moto na nyufa zake zikasomwa ili kuchagua mikoa ya kulimia mchele wa ibada. Zikaangukia Tochigi na Kyoto. Usiku mmoja wa Novemba mfalme akautoa mchele huo kwa Amaterasu, naye akala sehemu yake, ndani ya majengo yaliyojengwa kwa shughuli hiyo kisha yakabomolewa. Baadhi ya Wajapani walikwenda mahakamani kupinga fedha za umma kutumika, kwa kuwa katiba yao inatenganisha dini na serikali. Nawaelewa. Anayetaka kumlisha jua chakula cha usiku na ajilipie mwenyewe.