Zima kompyuta, shika mkasi

Mwanafunzi wa ubunifu wa michoro akianzia kwenye Photoshop, programu ya kuhariri picha, atajifunza Photoshop. Atajua kutia kivuli nyuma ya herufi na kurundika fonti tano kwenye kadi moja ya mchango wa harusi. Mwulize kwa nini jicho linakimbilia namba ya simu kabla ya majina ya maharusi, hana jibu.

Kwa maoni yangu, mwezi wa kwanza studioni usiguse kompyuta. Karatasi nyeusi na nyeupe, rula, mkasi na pini vinatosha. Kata miraba minne myeusi ya sentimita 4, kisha chora fremu ya sentimita 20 kwa 20. Panga miraba hiyo mara sita, kila mpango ubebe neno moja: utulivu, mwendo, msongamano, upweke, mvutano, uzito. Ruksa mraba kukatwa na ukingo wa fremu.

Wengi huweka miraba katikati, nafasi sawa kila upande, na mipango yote sita inafanana na vigae vya sakafu. Hawajaona bado kwamba weupe nao ni umbo. Kosa la pili ni dogo ila sugu: pembe ya mraba inabaki milimita mbili tu kutoka ukingoni. Jicho linanasa pale pale. Isogeze mbali waziwazi, au iache ipite ukingo.

Kwa rangi pia ningetumia karatasi. Msanii Josef Albers, aliyefundisha Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu ya Ujerumani, kabla ya kuhamia Marekani mwaka 1933, alipendelea karatasi za rangi kwa sababu rangi ileile hupatikana tena bila kuchanganya upya. Weka vipande viwili vya kijivu kilekile, kimoja juu ya nyeusi, kingine juu ya nyeupe. Cha kwanza kitaonekana kimepauka, cha pili kimekolea.

Zoezi la maandishi ni tangazo la tamasha kwa fonti moja, saizi ya pointi 12, bila herufi nzito. Umuhimu uonekane kwa nafasi peke yake. Baadaye ruhusu saizi ya pili, lakini iwe 36. Ukiweka 14 kando ya 12, msomaji atadhani umekosea.

Mradi mkubwa uwe kanga. Ina pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (msemo wake), na ukichukua kipimo cha sentimita 150 kwa 110, moja ya tano yake ni 30 kwa 22, inaenea mezani. Rangi tatu zinatosha. Kinachowashinda wanafunzi ni kuligeuza jina kuwa kichwa cha habari, likagombana na mji. Au pindo linakuwa jembamba mno na kanga inabaki kitambaa cha maua tu.

Yote haya hayana faida bila uhakiki, na hapo ndipo madarasa mengi yanaharibu. Kazi zibandikwe ukutani kwa pini (gundi isubiri), watu wasimame mita tatu nyuma. Mwenye kazi anyamaze dakika tano. Wengine waseme wameona nini kwanza, nini pili, nini tatu. Maneno “nzuri” na “naipenda” yapigwe marufuku. Kwetu kijana haoni vyema kumkosoa aliyemzidi umri mbele za watu, hivyo darasa zima husifu. Kueleza ulichoona si kumvunjia mtu heshima, na mara nyingi kunauma kuliko lawama. Ndipo mwenye kazi aseme alikusudia nini, kisha kipande kimoja kisogezwe palepale na wote watazame tena.

Mwalimu asishike mkasi. Akirekebisha yeye, kazi imeshakuwa yake.

Watu kumi na wawili, dakika kumi kila mmoja, ni saa mbili. Wakizidi hapo gawanya kundi, maana wa mwisho hupata miayo badala ya maoni. Na alama zitolewe kwa toleo la pili, lililofanywa baada ya uhakiki. Ukiliwekea alama la kwanza, watu wataanza kulitetea badala ya kulitazama.