Louis na Damu ya Ndugu Yake

Kijana mmoja ameweka kinasa sauti mezani katika chumba kimoja cha San Francisco, na mbele yake ameketi Louis de Pointe du Lac, vampaya aliyeishi karibu karne mbili kwa kunywa damu za watu. Kijana anataka kujua jinsi mwenzake alivyogeuka kuwa kiumbe wa namna hiyo. Mtu angetarajia jibu lianze na usiku wa kuumwa, lakini Louis anaanza na msiba wa mdogo wake, uliotokea kabla hajawahi kukutana na vampaya yeyote. Nilipoisoma riwaya hii ya Anne Rice, Interview with the Vampire, iliyotoka mwaka 1976, nilikuwa mwanafunzi mwenye haraka ya kufika kwenye damu, na kurasa hizo za mwanzo nilizipita mbio. Nimeirudia mara kadhaa tangu wakati huo, na sasa naamini kwamba kila anachokifanya Louis baadaye, mema na maovu, alikwisha kukichukua nyumbani kwao akiwa bado binadamu.

Mwaka ni 1791. Louis ana umri wa miaka 25, baba hayupo tena, naye ndiye mkuu wa nyumba yenye mama, dada, mdogo wake wa kiume, na mashamba mawili ya nili kando ya Mto Mississippi, karibu na New Orleans. Mdogo wake ni mcha Mungu kupita kawaida ya watu wa rika lake. Louis anampenda. Anamjengea kikanisa kidogo cha kusalia, anamkinga na lawama za wanaotaka aishi kama vijana wengine, na yuko radhi aende akasomee upadri. Ndipo siku moja mdogo huyo anapomweleza kwamba ametokewa na Mtakatifu Dominiko na Bikira Maria, na kwamba ameagizwa familia iuze kila ilicho nacho Louisiana, fedha zikatumike kwa kazi ya Mungu kule Ufaransa. Louis anamcheka, kisha wanagombana. Mdogo anatoka chumbani, anafika juu ya ngazi za matofali za barazani, na hapo anaanguka, anavunjika shingo na kufa.

Louis hakumsukuma, na hilo analisema wazi. Mama yake, hata hivyo, anaona kwamba kuna jambo lililotokea chumbani ambalo mwanawe analificha, na minong'ono inasambaa, maana ni kweli kwamba Louis hawezi kumwambia mtu yeyote walichogombania. Anachokiona kuwa dhambi yake ni kule kutosadiki. Alikuwa Mkatoliki aliyekubali kwamba zamani, katika nchi za mbali, watakatifu walitokewa na malaika, lakini hakuweza kukubali kwamba mtakatifu angeweza kula naye meza moja, akiwa amezaliwa tumbo moja naye. Yeye mwenyewe anakuita huko kutosadiki ubinafsi mbaya. Wale tuliokulia kwenye nyumba kubwa zenye ndugu wengi tunaijua hali hiyo vizuri: mtu wa mbali akisema jambo tunamsikiliza, na mtoto wa mama yetu akisema lile lile tunamwambia anyamaze.

Baada ya mazishi Louis anaanza kunywa pombe kupindukia, anazurura usiku mahali pa hatari, na anatamani mtu amwue kwa sababu yeye mwenyewe hana ujasiri wa kujiua. Hapo ndipo anapomkuta Lestat, vampaya atakayemwuma na kumgeuza kuwa kama yeye. Wasomaji wengi hudhani kwamba huzuni ya Louis ni huzuni ya vampaya, kwamba ameharibiwa na meno ya Lestat kisha akabaki akiomboleza ubinadamu wake. Mimi naona mambo yalikwenda kinyume. Lestat alimkuta mtu aliyekwisha kujihukumu kifo, akamnyima kifo hicho. Huzuni iliyopaswa kuisha kwa miaka michache, ama kwa kaburi ama kwa kusahau kunakokuja na uzee, ilipewa mwili usiozeeka. Miaka minne anakaa akinywa damu ya wanyama tu, na watu husema hilo linaonyesha wema wake. Mimi nauona ni mfungo wa mtu anayetubu kosa jingine kabisa.

Iko sehemu ya riwaya inayonithibitishia hayo. Miaka mingi baadaye, Louis anaingia katika kanisa kuu la New Orleans, na humo anaona njozi ya maandamano ya mazishi. Katika njozi hiyo Claudia, msichana mdogo ambaye Louis na Lestat walimgeuza kuwa vampaya, anasoma kwa sauti laana ya Kaini kutoka Kitabu cha Mwanzo, ile inayosema kwamba ardhi imefumbua kinywa chake ipokee damu ya Habili. Mwandishi angeweza kuchagua andiko lolote linalokataza kula damu, na Biblia inayo maandiko ya aina hiyo. Amechagua la mtu aliyemwua ndugu yake. Kwa hiyo hata baada ya kuwanywa watu usiku baada ya usiku, damu inayomlilia Louis kutoka ardhini ni ya yule mmoja tu.

Jambo jingine alilolibeba kutoka ngazi zile ni kushindwa kusema hapana. Mara moja maishani mwake alikataa ombi la mtu aliyempenda, na mtu huyo akafa dakika hiyo hiyo. Tangu hapo haponi. Lestat anapotaka nyumba na mali, Louis anampa, ingawa anamdharau. Claudia anapoazimia kumwua Lestat, Louis analipinga jambo hilo kwa maneno, kisha anaacha litokee. Wakiwa Paris, Claudia anamdai amgeuze mwanamke aitwaye Madeleine awe vampaya ili apate wa kumtunza, na Louis, aliyeapa kutomfanyia binadamu yeyote jambo hilo, analifanya, kisha anasema kwamba chembe ya mwisho ya ubinadamu wake imekufa usiku huo. Wapo wanaomwona dhaifu, na nakubali kwamba ni dhaifu, lakini udhaifu wake una mwanzo na una sababu: kila anayemwomba kitu anazungumza kwa sauti ya yule mdogo wake, na Louis hawezi tena kucheka.

Claudia mwenyewe siwezi kumwandika bila uzito moyoni. Ana umri wa miaka mitano Louis anapomkuta kando ya maiti ya mama yake, katika mji uliokumbwa na tauni. Anne Rice alimpoteza binti yake Michele mwaka 1972 kwa saratani ya damu, naye mtoto alikuwa hajatimiza miaka sita. Sipendi kuyasoma maisha ya mwandishi ndani ya kila mhusika, lakini mzazi aliyeona damu ikimwangamiza mtoto wake, kisha akaandika kuhusu mtoto ambaye damu inamzuia asife na asikue, anastahili kusomwa kwa utulivu na heshima.

Lestat naye ana nyumba alikotoka, na ukiwaweka wawili hawa pamoja ndipo unapoona jinsi familia inavyofanya kazi katika riwaya hii. Baba yake Lestat ni mzee kipofu anayeishi nao shambani. Lestat anamlisha kwa vyombo vya fedha na kumtukana kwa pumzi ile ile. Mzee anapokaribia kufa anamlilia mwanawe amsamehe kwa kumtoa shuleni alipokuwa mtoto, wakati masomo ndiyo yaliyokuwa furaha yake. Lestat hataki kusikia, na anamtaka Louis amwue mzee huyo ili kelele ziishe. Louis, ambaye hakuwahi kupata nafasi ya kuombana radhi na mdogo wake, anakataa mpaka Lestat atamke neno la msamaha. Katika nusu ya kwanza ya kitabu sijaona mahali pengine ambapo Louis anamlazimisha Lestat kufanya jambo, na jambo lenyewe ni la mzazi na mwana.

Filamu ya mwaka 1994 iliuondoa msiba wa ndugu na kuweka mahali pake msiba wa mke na mtoto waliokufa wakati wa uzazi. Naelewa kwa nini: mjane anaeleweka haraka na filamu haina muda. Lakini mabadiliko hayo yalinipotezea Louis. Mtu aliyefiwa na mke katika uzazi ana majonzi, hana hatia, na mhusika akabaki mwanamume mzuri wa sura anayesikitika. Tamthilia ya televisheni iliyoanza mwaka 2022 ilifanya kinyume, na kwa hilo naishukuru. Ilimfanya Louis kuwa mfanyabiashara Mweusi wa New Orleans ya mwaka 1910, anayeitunza familia yake kwa mapato ya madanguro, ikamrudishia mdogo wake, ambaye sasa anaitwa Paul na ambaye anajirusha kutoka juu ya paa siku moja baada ya harusi ya dada yao, Grace. Humo tunamwona Louis, akiwa amekwisha kuwa vampaya, amempakata mtoto mchanga wa Grace huku njaa ikimpanda, naye anakaribia kumwuma. Na mwishowe tunamwona Grace akimpeleka makaburini kumwonyesha jiwe lenye jina lake, kaka aliye hai mbele yake, kwa kuwa familia imeamua kwamba amekufa. Vampaya wa kawaida huogopa msalaba na jua. Huyu kinachomwumiza zaidi ni kufungiwa mlango na watu wa kwao.

Nimechelewa kufika kwenye jambo linalonisumbua zaidi, na nililichelewesha kwa sababu ndilo linalonizuia kumhurumia Louis kwa moyo wote. Mashamba yale ya nili yalilimwa na watumwa. Riwaya hailifichi jambo hilo. Mtu wa kwanza ambaye Louis anakunywa damu yake ni mtumwa aliyetoroka. Watumwa wa Pointe du Lac ndio wanaowatambua mabwana wao kuwa si watu wa kawaida, kwa sababu wanawatazama kila siku kwa makini ambayo mabwana hawana haja nayo, na mambo yanapoharibika nyumba ile inateketea kwa moto. Mwaka huo huo wa 1791, mwezi Agosti, watumwa wa Saint-Domingue, nchi ambayo leo ni Haiti, walianza uasi uliomaliza utumwa huko. Tarehe hiyo hainitoki akilini kila ninaposoma sura za mwanzo.

Anayesoma hadithi hii akiwa anafikiri kwa Kiswahili anapata msaada ambao wengine hawaupati. Katika simulizi zetu za zamani yupo mumiani, mnyonya damu za watu, lakini huyo hana utoto wala mama; tunamjua kwa kazi yake tu, na mara nyingi kwa bwana anayemtuma. Na tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno unyonyaji limekuwa jina letu la kawaida la kuishi kwa jasho la mwingine, pamoja na kupe na mirija yake. Kwa lugha hii, kijana wa miaka 25 anayekaa barazani akila matunda ya mashamba mawili yanayolimwa na watu asiowalipa ni mnyonyaji kabla Lestat hajavuka mto. Kinachobadilika baada ya kuumwa ni kwamba kitendo kinafanyika kwa mdomo wake mwenyewe, usiku, naye anaanza kukionea kinyaa. Malezi yale ya ubwana ndiyo yaliyomfundisha kuishi akiwa na mtu anayemfia karibu kila siku, huku akiendelea kusoma vitabu vyake na kuuona moyo wake kuwa mwororo. Majuto yake ni ya kweli, lakini yana mipaka ya ukoo: yanamfikia ndugu, yanamfikia Claudia, na kwa watu wa shambani yanasimama.

Nimeyasikia maoni kwamba yote haya yangeepukika kama Louis angemkubalia mdogo wake. Nami niliwahi kuamini hivyo. Lakini nikilirudia ombi lenyewe, naona kwamba mali ya familia ile, ambayo Mbingu ilitaka iuzwe, ilikuwa pamoja na watu, na katika ugomvi wao wote wa siku ile, kadiri Louis anavyotusimulia, si yeye aliyekataa wala mtakatifu aliyeomba aliyeuliza wangeuzwa kwa nani. Kijana alipotoka akasimama juu ya ngazi, Louis alikuwa amempa mgongo. Waliomwona akiinua uso kama mtu aliyeona kitu hewani, kisha akaanguka, walikuwa watumwa wawili, na yote tunayoyajua kuhusu dakika hiyo tumeyapata kwao.