Baba Mdogo na Baa ya Fremu Moja

Fremu ile zamani ilikuwa saluni ya kiume. Nilikuwa nanyolewa humohumo kabla kinyozi hajapandishiwa kodi na kuhamia Sinza. Sasa kuta zimepakwa rangi nyeusi, glasi zinaning'inia juu ya kaunta miguu juu, kuna stuli sita na meza mbili ambazo ukiweka glasi mbili na simu zimejaa. Ndiyo baa ya mvinyo na kokteli. Haina bango nje. Mtu akitaka kwenda chooni, watu watatu wanasimama kumpisha, akirudi wanasimama tena, kwa hiyo wote mliomo mnajua nani ana kibofu kidogo.

Naipenda kweli. Muziki hauzidi sauti za watu, hakuna televisheni ya mpira, na kijana wa kaunta anakumbuka ulichokunywa mara ya mwisho hata kama wewe mwenyewe hukumbuki. Kwenye bei tu ndipo huwa nafumba macho.

Sasa baba mdogo akaja Dar. Baba mdogo ni mkulima wa zabibu Hombolo, kule Dodoma. Sehemu ya shamba ni Makutupora nyekundu, sehemu ni Chenin nyeupe. Miaka nenda rudi anapogolea, anavuna, anapakia kwenye kreti, anagombana na wanunuzi, lakini hakuwahi kukaa mahali ambapo watu wanakunywa mvinyo kwenye glasi yenye mguu. Kwake mvinyo ni ule wa altareni, na Dompo siku ya Krismasi. Jioni ile, baada ya kula, akaniambia, "Mwanangu, mimi nataka kuona zabibu zinaishia wapi."

Ombi la mzee unalikataaje? Akavaa koti la suti na kofia, tukaenda.

Tulifika yapata saa mbili usiku. Ndani taa huwa wanazififisha makusudi. Kila meza ina mshumaa. Watu wananong'ona. Mlangoni alisimama binti aliyevaa nyeusi tupu, kichwa kakiinamisha kwenye simu yake. Nilikuwa bado nahangaika na mlango nikasikia nyuma yangu sauti nzito, ya upole:

"Poleni sana."

Nikageuka. Baba mdogo kavua kofia. Kabla sijapata neno, akanipita na kuanzia stuli ya kwanza, mkono mmoja mmoja, kiganja cha kushoto kimeshika kiwiko cha kulia. "Pole mama. Pole kijana. Kazi ya Mungu haina makosa." Na watu wa Dar kwa mzee wana adabu zao, hakuna aliyeuliza pole ya nini. "Asante mzee." "Tumeshapoa, mzee." Mmoja mwenye shati la kitani alisimama kabisa.

Kwenye stuli ya nne alikaa dada peke yake na glasi ya nyekundu. Alipopewa mkono hakuuachia.

"Asante baba. Wewe ndiye wa kwanza kunipa pole," akasema, machozi yakaanza kumtoka.

Baba mdogo akatoa kitambaa mfukoni, akampa. "Alikuwa anasumbuliwa na nini?"

"Umalaya, baba."

"Mungu amrehemu," akajibu baba mdogo, akasogea stuli ya tano.

Nilimkalisha nikamnong'oneza kwamba hapa hakuna msiba. Akaangalia mishumaa, akaangalia dada wa stuli ya nne anavyopenga kamasi, akaniangalia mimi kwa huruma, kama mtu aliyefichwa habari za ndugu yake wa karibu.

Kijana wa kaunta, aproni ya ngozi, ndevu zimechongwa, akatuletea menyu. Baba mdogo akaisogeza mbali na macho, akaisogeza tena mbali, kidole kikasimama mstari wa tatu.

"Chenin! Hii ni yangu."

"Hapana mzee, hiyo inatoka Stellenbosch, Afrika Kusini."

"Mmea ni uleule. Lete."

Kijana akamimina tone la kuonja, akaeleza kwamba mzee atasikia peasi, asali kwa mbali, na mawe yaliyolowa. Baba mdogo akaonja. Akatulia. Akaonja tena.

"Mawe nimeyasikia," akasema.

Kuanzia hapo kijana alisahau wateja wengine. Baba mdogo akampa somo: kwamba Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kwa sababu ni mkulima anayeuamsha mzabibu kwa kuupogolea, wala hakuna baridi ya kuulaza miezi mingi kama Ulaya; kwamba ukishakata kichala saa inaanza kuhesabu, na lori la mnunuzi likichelewa unabaki unagawana mavuno na ndege na nyuki; kwamba Makutupora nyekundu haichagui sana udongo lakini maji ya kuzidi inayakataa. Stuli zote sita zilikuwa zinasikiliza, maana chumba kile hata ukimeza mate wanasikia. Nilikuwa najisikia fahari. Nikasema, leo mzee wangu kawashika.

Ndipo akauliza bei.

"Glasi 16,000, mzee."

Baba mdogo akatoa simu, ile yenye namba kubwa, akafungua kikokotoo. Alikuwa anabonyeza kwa kidole kimoja huku akisema kwa sauti. "Chupa moja inakula zabibu kilo moja na ushee. Msimu uliopita kilo niliuza 1,200. Chupa inatoa glasi tano. Tano mara 16,000…" Akabonyeza sawasawa. 80,000. Akamwonyesha kijana. Akamwonyesha dada wa stuli ya nne. Akamfikishia hata mwenye shati la kitani, aliyetikisa kichwa kwa masikitiko ya dhati.

"Na sikiliza hii," akaendelea. "Glasi mbili ni 32,000. Mimi SGR kutoka Dodoma nimelipa 31,000, tena nimekalia kiti chenye pa kuegemea."

Stuli za pale hazina pa kuegemea. Kijana akaangalia chini.

Ili kumaliza mjadala nikaagiza chupa nzima. Ikaletwa ndani ya ndoo ya bati iliyojaa maji na barafu, ikawekwa kwenye kiwiko cha baba mdogo. Tukanywa vizuri tu, akaanza hata kutabasamu.

Kisha yule wa shati la kitani akaagiza Old Fashioned ya moshi.

Kwa asiyeijua: ni wiski, sukari kidogo, na matone machache ya Angostura, ile dawa chungu inayokaa kwenye kichupa ambacho karatasi yake imekizidi kimo mpaka shingoni. ("Hii waliikata vibaya," alisema baba mdogo.) Halafu linakuja ganda la chungwa. Kijana akawasha kiberiti, akaliminya ganda mbele ya njiti, na yale mafuta ya ganda yakashika, ukapiga mwali wa sekunde moja.

Baba mdogo alisimama.

"Mbwembwe tu, baba," nikamshika mkono. Akakaa. Lakini nilimwona anavyozungusha macho: dari, mapazia, mishumaa, mlango.

"Mlango ni huo mmoja?"

"Mmoja."

Akanyamaza. Mtu aliyewahi kuona moto wa kiangazi ukivuka kutoka shamba la jirani hana utani na vitu hivyo. Ningelijua hilo mapema ningemgeuza aangalie ukuta.

Kijana akaweka kifuniko cha mbao juu ya glasi, katikati yake kuna kitundu, akajaza vipande vya mbao vidogo vidogo. Akainama chini ya kaunta, akaibuka na tochi ya gesi, ileile wanayochomelea mabomba mafundi friji. Shhhhhh. Mwali wa bluu. Vile vipande vikashika, moshi ukapanda, kiyoyozi kikaupokea na kutupulizia sote. Kwa ukubwa wa ile fremu, ilichukua muda mfupi sana kwa kila mtu kuwa na wa kwake.

Baba mdogo hakupiga kelele. Aliichomoa chupa kutoka kwenye ndoo, akaifuta maji kwa mkono wa koti, akanikabidhi. "Shika hii." Kisha akaibeba ndoo kwa mikono miwili na kuimwaga yote.

Maji yaliizima tochi. Yakamlowesha kijana kuanzia ndevu kushuka chini. Yakampata mwenye shati la kitani, na kitani kikilowa, ndugu zangu, hakifichi kitu. Barafu ziliruka juu ya kaunta mpaka kwenye nywele za dada wa stuli ya nne. Na mengine yakashuka chini ya kaunta, kwenye ekstensheni iliyobeba friji, muziki na taa zote. Pa!

Ikabaki mishumaa.

"Na hii!" akasema baba mdogo, na kabla sijamfikia alishaipuliza yote.

Mpaka hapo hakuna mtu aliyekuwa na hofu. Lakini giza likiingia kwenye chumba chenye harufu ya moshi, na sauti ya mzee inaagiza, "Tokeni kwa utaratibu! Kina mama mbele!" hata mwenye akili timamu anaanza kutafuta mlango. Tatizo ni kwamba mle milango ni miwili, wa nje na wa choo, na imeachana hatua mbili. Watatu walikimbilia wa choo. Choo chenyewe kinatosha mtu mmoja mwembamba na mlango wake unafungukia ndani, kwa hiyo walipokwisha kujaa wote watatu hakukuwa tena na nafasi ya kuufungua.

Nje bodaboda walishakusanyika. "Kuna nini?"

"Moto," akajibu baba mdogo, kifua mbele. "Nimeuzima."

Dereva wa teksi aliyekuwa ameegesha pale jirani alitoka mbio na mtungi wake wa kuzimia moto. Mtungi wenyewe, kama ilivyo mingi ya magari yetu, ulinunuliwa kwa ajili ya trafiki. Akachomoa pini, akaelekeza mlangoni, akabana. Ukatoa pfff moja, na unga mweupe kiasi cha kijiko ukaangukia viatu vya baba mdogo. Dereva akaugeuza, akausoma.

"Na una stika ya mwaka huu!" akalalamika.

Kijana wa kaunta akatoka, anachuruzika, kile kifuniko cha mbao bado mkononi. "Mzee, ile ilikuwa kokteli."

"Kokteli gani inachomelewa?"

"Ya moshi, mzee. Wateja wanapenda ladha ya moshi."

"Mnawauzia watu moshi?"

"28,000."

Baba mdogo akaitoa simu yake, akafungua kikokotoo, kidole kikabaki hewani. "Moshi kilo ngapi?"

Hapo dada wa stuli ya nne alishindwa. Alikaa kwenye ngazi, barafu inayeyuka kichwani, akacheka mpaka kwikwi. Alipopata pumzi akaniuliza kama ile chupa niliyoikumbatia bado ina kitu. Ilikuwa nayo. Kijana, kwa moyo ambao mimi nisingekuwa nao, akaingia gizani na tochi ya simu akaleta glasi kavu, tukamalizia Chenin pale kibarazani. Wa chooni nao walitolewa baada ya wa katikati kukubali kupanda juu ya sinki.

Bili ililetwa. Chupa 80,000. Ekstensheni 15,000. Old Fashioned 28,000. Baba mdogo akaimulika.

"Hii ya mwisho si yetu."

"Uliimwagia maji, mzee."

"Iko wapi?"

Ikaletwa. Glasi imejaa mpaka mdomoni, ganda la chungwa linaelea, na vipande viwili vya mbao vilivyoungua. Akavitoa mbao kwa kidole, akanywa funda, akalamba midomo.

"Sasa hii ndiyo imekuwa kinywaji."

"Mzee," akasema wa shati la kitani, aliyejifunga taulo la kaunta kiunoni, "hiyo ni yangu."

"Agiza nyingine. Hii nimeshailipia."

Mlipaji nilikuwa mimi, nimesimama palepale naweka namba ya siri ya M-Pesa. Baba mdogo akaimaliza, akamrudishia kijana glasi, akamshika bega na kumwuliza kama mavuno yakifika wangependa aletewe kreti za Makutupora moja kwa moja kutoka shambani.

"Tungependa sana, mzee. Kwa bei gani?"

"Ya hapahapa," akasema baba mdogo, akamgeuzia kikokotoo.