Taa Kinywani, Sufuria Kichwani

Baiskeli yangu haikuwa na breki, haikuwa na taa, haikuwa na kengele. Nalisema mapema ili nisiulizwe tena, maana nimeshaulizwa na shangazi, na daktari wa meno, na mwanangu wa darasa la pili, kila mmoja kwa wakati wake na wote kwa sauti ileile.

Lakini jamani, baiskeli kutokuwa navyo si kwamba mimi nilikuwa sina. Breki nilikuwa nayo: wayo wa mguu wa kulia. Unautia kwenye tairi la mbele, pale nyuma ya foku ambapo madigadi ilishang'oka, unakandamiza, kandambili inalia fyuuu, unasimama. Kandambili mpya inakamata vizuri. Iliyolika, unanusa kwanza harufu ya raba, kusimama baadaye. Kengele nayo nilikuwa nayo: mluzi. Meno yangu mawili ya mbele yalikuwa na mwanya, na huo mwanya, ambao kwa wengine ni urembo, kwangu ulikuwa chombo cha kazi. Ulitoa mluzi wa kumhamisha mbuzi aliyelala katikati ya njia. Na taa ilikuwa kitochi, kile kisimu kidogo chenye tochi. Unakibana kwa meno, mwanga unakwenda unakotazama. Niambieni gari gani lina taa zinazogeuka na shingo ya dereva.

Mnaonijua mnajua mimi ni mtu wa Tanga, na hapa mtu na baiskeli yake hawatengani. Mji tambarare kama mkeka, barabara za Ngamiani zina namba, ya kwanza mpaka ya 21, hata mgeni hapotei. Utamwona mama wa buibui anakanyaga taratibu, mtoto nyuma, kapu la sokoni kwenye usukani, na hana haraka na mtu. Yangu ni Phoenix nyeusi aliyoniachia marehemu baba, ile yenye breki za vyuma virefu, si za waya kama hizi za watoto. Enzi za baba ilikuwa na kila kitu. Dinamo lilikuwepo, likijisugua kwenye tairi. Ukienda kasi taa inawaka kama mchana, ukipunguza inafifia kama mtu anayesinzia. Baba alikuwa akisimulia kwamba ukikutwa na askari usiku huna taa, anakutolea valvu, upepo wote pwaa, unakokota chuma mpaka nyumbani ukitafakari. Mimi nilipoirithi, dinamo lilianza kukwaruza nikalitoa. Kengele iliibwa. Raba za breki zililika mpaka chuma kikawa kinakutana na rimu na kulia kama paka, nikazitoa nazo, maana zinaaibisha.

Fundi wangu ni mtu mzima, hana maneno mengi. Kila nikipita kujaza upepo ananiambia, "Raba za breki elfu mbili tu." Namjibu, "Kesho, fundi." Hiyo kesho ilikuwa imeshatimiza miezi minane. Siku moja akaniokotea CD iliyokwaruzika, bure, akasema niifunge kwenye spoku za nyuma, gari likinimulika ing'ae nionekane. Nikaipeleka nyumbani kwanza kuijaribu kwenye redio. Iliimba nusu. Ikabaki huko huko.

Sasa, jioni nilikuwa na kijiwe changu cha kahawa Makorora, chini ya mwarobaini, na mada yangu ilikuwa moja: madereva. Nilikuwa nikishika kikombe nawamaliza mmoja mmoja. Wa malori hawatuoni. Wa daladala wanatuona lakini hawatujali. Bodaboda wanatuona, wanatujali, ndiyo maana wanatufuata. Nilieleza kwa mikono miwili, kahawa inamwagika. Mimi mwenyewe, kwa taarifa yenu, mchana nilikuwa napita upande wowote wenye kivuli.

Pale kijiweni kuna mzee mmoja mcheza bao ambaye hasemi kitu mpaka ale kete za mwenzake. Siku moja alikula kete nyingi, akaniuliza bila kuinua macho, "Na wewe usiku wakuoneje, huna taa?"

"Taa anazo yeye mbili, mzee wangu. Mimi ya tatu ya nini?"

Watu walicheka. Nikahesabu kwamba nimeshinda.

Wiki hiyohiyo ilikuwa harusi ya binti wa shangazi. Ijumaa usiku, baada ya Isha, umeme umekatika mtaa mzima, nimeshavaa kanzu nyeupe niende kukesha na wenzangu, simu inalia. Shangazi. "Mwanangu, sufuria tulizokodi zimepungua moja. Iko kwa jirani yako hapo Mabawa, niletee sasa hivi. Na gunia la mkaa upitie." Shangazi yangu hana sauti ya kuomba. Hata akiomba chumvi, unasimama.

Mama watoto akanitazama ninavyofunga gunia kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Akauliza, "Si ukodi bajaji?"

"Kwa sufuria moja?"

"Basi ita bodaboda."

"Wale?" nikamwambia. "Wale si salama."

Akaingia ndani.

Mpira wote uliishia kwenye mkaa, sufuria ikabaki haina pa kukaa. Ilikuwa ile ya shughuli, inayopika kilo kumi za mchele bila kunung'unika. Nikaijaribu begani, ikagoma. Kwenye usukani, haikuenea. Mwisho nikaigeuza, nikaivaa kichwani, nikaisogeza kisogoni kama kofia ya mtu aliyefurahi, mkono wa kushoto nikaushikilia ukingo. Mkono wa kulia, usukani. Kitochi kinywani. Kanzu nikaipandisha nikaichomeka kiunoni isiingie kwenye mnyororo, maana mimi na mambo ya usalama bwana, nilikuwa makini.

Hebu tupige hesabu hapa, ingawa mimi sikuipiga wakati ule. Kengele yangu ilikuwa mdomo. Taa yangu nayo ilikuwa mdomo. Mdomo ni mmoja. Breki yangu ilikuwa mguu, lakini mguuni siku hiyo hakukuwa na kandambili. Nilikuwa nimevaa makubazi mapya ya ngozi, ya harusi, soli inang'aa kama sahani. Nikakanyaga.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri mno. Gunia linanisukuma kwa nyuma, baiskeli imeshika mwendo, upepo wa baharini unaingia ndani ya kanzu. Nilikuwa kama kwenye kilomita 20 kwa saa, na siku za baadaye, nikiwa nimelala kifudifudi kwa sababu ya kiuno, nilipata nafasi ya kuigawa: ni mita tano na nusu kila sekunde. Ukisema "Bismillah" umeshapita nyumba.

Karibu na kijiwe kuna tuta. Tuta hilo nalijua kuliko ninavyoijua sebule yangu, ila nalijua la mchana. Kitochi kilinionyesha nikiwa nimeshafika. Baiskeli ikaruka, mimi nikaruka, sufuria ikaruka zaidi yetu sote, na iliporudi haikurudi kisogoni. Ilishuka yote, mpaka mabegani.

Ndani kukawa mchana. Kile kitochi, mwanga wote, kilikuwa kinamulika sufuria kwa ndani, nusu shibiri kutoka machoni mwangu. Niliona kila kitu. Niliona mikwaruzo ya mwiko. Niliona ukoko wa harusi iliyopita, hawakuusugua vizuri. Kitu pekee ambacho sikukiona ni barabara.

Nikataka kuinua sufuria, gunia likayumba, nikaurudisha mkono kwenye usukani. Nikataka kupiga mluzi watu wanipishe, mdomo una simu. Nikaita "jamani!" ikatoka "mmmmaaa!" na ile alminiamu ikaidaka sauti, ikaikuza, ikaitoa kwa chini kama ng'ombe aliye kisimani. Nikatia mguu kwenye tairi. Makubazi yakateleza kama nimekanyaga sabuni. Nikatia tena. Yakateleza tena, na safari hii moja likabaki nyuma.

Yaliyotokea nje ya sufuria nimesimuliwa, na kila anayesimulia anaongeza lake. Wanakubaliana hivi. Kijiwe kilikuwa kimejaa, watu wanazungumza kwenye giza, makaa ya kahawa tu yanamweka. Mara kutoka upande wa Mabawa wakaona kitu cheupe kinakuja kasi, hakina kichwa. Pahali pa kichwa pana chungu, na chini ya chungu unavuja mwanga. Kina miguu ya mwanadamu yenye vinyweleo, mmoja una kiatu, mmoja hauna. Kinanguruma. Na hapa ni Tanga! Ingekuwa mji mwingine labda wangesubiri waone.

Hakuna aliyesubiri. Vijana walipotea kwanza. Mtu mmoja aliyekuwa na mguu mbaya, ambaye tulikuwa tunamchangia nauli za hospitali, aliruka ua. Yule mzee wa bao alikimbia pia, lakini inasemekana alizoa kete zake kwanza, alikuwa anaongoza. Akabaki muuza kahawa peke yake, koleo mkononi, anasoma Ayatul Kursi kwa sauti, na alifika mbali kabla sijafika mimi.

Baiskeli ikaingia kwenye benchi. Mimi nikaingia kwenye mtaro. Mkaa ukaingia kila mahali. Sufuria ilinitoka, ikabingirika peke yake hadi kwenye mwarobaini, ikagonga "ngooo," sauti ambayo wengine wanasema ndiyo iliyomrudisha fahamu muuza kahawa. Kitochi kilikuwa bado kinywani. Tena kilikuwa ndani zaidi kuliko nilivyokiweka.

Waliporudi, mmoja mmoja, kila mmoja akidai alikuwa amekwenda kuita msaada, sauti ya kwanza ikauliza, "Nani kakugonga?"

Swali zuri hilo. Nililisubiri miaka. Nikainua kichwa kutoka mtaroni nikatazama barabara huku, nikatazama huku. Gari hakuna. Lori hakuna. Bodaboda hata mmoja, siku ile, hakuna. Ng'ambo ya pili tu palikuwa na bajaji moja imepaki, dereva wake kalala, miguu imetokeza nje. Nikanyoosha kidole.

"Yule."

Mzee wa bao akamtazama yule kijana, akanitazama mimi. "Yule kalala tangu Magharibi."

"Kapaki vibaya," nikasema, ila kwa kuwa mdomo ulikuwa umeanza kuvimba ilitoka "kafaki fifaya," na hapo ndipo kicheko kilipoanza. Hakijaisha mpaka leo.

Daktari wa meno alinikalisha kwenye kile kiti, akamulika, akauliza nilikuwa natafuna nini. Nikamwambia simu. Hakuuliza tena. Jino moja la mbele lilikuwa limebaki mtaroni, la pili alilitoa yeye. Yule mwanya wangu, mnaoukumbuka, sasa ni lango, mnaweza kupita wawili mmeshikana mikono.

Sufuria ilipata bonde ubavuni. Shangazi aliitazama muda mrefu, akanitazama mimi, akarudi kuitazama sufuria; nadhani alikuwa anaamua amwonee huruma nani. Pilau ikapikwa humohumo, hakukuwa na nyingine. Kwa sababu ya lile bonde ilikaa upande kwenye mafiga, ikatoka nusu ukoko, nusu mbichi. Shangazi akapakua mwenyewe. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwanong'oneza wahudumu, "Ule ukoko wapelekeeni upande wa bwana harusi." Mwenye sufuria alilipwa fidia, na hiyo fidia sitaitaja, ila raba za breki ningenunua za mtaa mzima.

Jina nalo nilipata. Watoto wa Makorora wananiita Jini Kitochi. Wadogo kabisa wanaamini kweli, nikipita wanajificha nyuma ya mama zao, na mama zao hawawarekebishi, wanalitumia kuwalaza.

Jumatatu nilikokota Phoenix mpaka kwa fundi. Nilikuwa natembea kiubavu kama kaa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Hakuuliza kitu. Habari ilishamfikia, tena naona ilimfikia ikiwa imeongezewa mkia na pembe. Alitandika gunia chini, akaanza kupanga vitu kimoja kimoja kama mganga: raba nne za breki, dinamo, taa ya mbele, kioo chekundu cha nyuma, kengele mpya ya kuzungusha kwa kidole gumba. Nikakohoa. Nikasema breki sawa, funga. Taa sawa, funga. Kioo chekundu, haya. Lakini kwenye kengele nikaona niokoe hata kidogo, maana siku ile mfuko wangu ulikuwa na hali mbaya kuliko kiuno.

"Kengele iache, fundi. Mluzi upo."

Akaweka spana chini. Akafuta mikono, taratibu, kidole kwa kidole. Akasema, "Hebu upige nisikie."

Nikaweka midomo sawa, nikavuta pumzi, nikapuliza. Ukatoka upepo. Nikapuliza tena kwa nguvu zaidi, ukatoka upepo na mate, vikamfikia kwenye shati.

Fundi akaokota kengele, akaiweka kwenye usukani, akaanza kukaza nati.