Kukompaili LibreOffice mwenyewe: faida iko wapi hasa?

Watu wa Linux wana ubishi mmoja usiozeeka. Wapo wanaoshikilia kwamba programu huria usiyoikompaili mwenyewe, yaani usiyoigeuza mwenyewe kutoka msimbo chanzo (maandishi ya waandishi wake) kuwa programu inayoendeshwa, haina tofauti kubwa na ya kununua: umeletewa kitu kimefungwa, umekipokea, hujui ndani mna nini. Na wapo wanaowacheka hao. Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, wameshaijenga, wameijaribu, wameitia sahihi. Amri moja ya apt, chombo chao cha kusakinisha programu, inaleta kila kitu, kwa hiyo kukesha ukitazama mistari ikipanda kwenye terminali ni kutafuta sifa tu. Kwa maoni yangu, hoja mbili zinazopigiwa kelele zaidi katika ubishi huu, kasi na usalama, ndizo dhaifu. Yenye nguvu haitajwi sana.

Nichukue LibreOffice, kwa kuwa ni programu huria ya ofisi inayotumiwa na makarani, walimu na wanafunzi, na pia kwa kuwa ni kubwa kiasi cha kumtoa mtu jasho. Kukompaili kiprogramu cha faili kumi hakuthibitishi lolote.

Kwenye karatasi kazi ni amri tatu: git clone ya kunakili hazina ya msimbo inayoitwa core, ./autogen.sh, kisha make. Ya kwanza peke yake inameza gigabaiti kadhaa za bando usipoongeza --depth 1 ili kuiacha historia ya nyuma. Ya pili ndiyo yenye mdomo. Inakagua mashine yako kitu kwa kitu na kugoma inapokosa: hakuna gperf, unaiweka, hakuna bison, unaiweka, sasa inadai junit ya Java. Mwenye Debian au Ubuntu anaikwepa adha hiyo kwa apt build-dep libreoffice, baada ya kuwasha mistari ya deb-src inayoruhusu kupakua msimbo chanzo, na asiyehitaji Java anaandika --without-java akaendelea. Kuikompaili ukiwa root, yaani msimamizi mwenye ruhusa zote, haikubali. Inakuambia waziwazi kwamba hilo ni wazo baya sana. Hapo naipongeza, maana mafundi wengi walioanza na sudo, amri ya kujipa ruhusa hizo, kwa kila amri hawajawahi kuambiwa.

Kisha make. Kwenye mashine yenye kori (viini vya prosesa) nyingi na RAM ya kutosha ni suala la saa chache. Kwenye laptopu ya mtumba unalala, unaamka, bado. Zaidi ya muda, kinachowaangusha wengi ni kumbukumbu. Kila kori inafungua kompaila yake, kila kompaila inataka RAM yake, na mashine ya gigabaiti 4 inafika mahali kernel, kiini cha mfumo, inaamua kumuua mlaji mkubwa kuliko wote. Kwenye skrini unaona kwamba cc1plus, yaani kompaila yenyewe, imeuawa, na anayeanza hudhani msimbo ni mbovu. Msimbo hauna kosa. Unarudi kwenye autogen.sh, unaweka --with-parallelism=1, unaongeza swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM), unaita make tena, nayo inaendelea pale ilipoishia. Umeme ukikatika katikati, dawa ni hiyohiyo ya kuita make tena. Mwisho wa yote unapata folda iitwayo instdir, na ndani yake program/soffice, inayofunguka bila kusakinishwa popote.

Sasa faida. Wapenzi wa kasi husema kompaila ikiambiwa -march=native inaandika maelekezo yanayoifaa prosesa yako hasa, wakati kifurushi cha Debian kinapaswa kufanya kazi kwenye kila mashine ya aina hiyo, hata ya zamani. Ni kweli. Lakini programu ya kuandika barua muda wake mwingi inakungoja wewe ubonyeze kitufe. Anayegeuza video au anayekokotoa mifano ya hali ya hewa ana sababu ya kuzungumzia hilo. Mwandika barua hana. Hata Gentoo, mfumo mwingine wa Linux, walioijenga sifa yao juu ya kukompaili kila kitu, Desemba 2023 walitangaza kwamba wanatoa pia vifurushi vilivyokwisha kukompailiwa.

Usalama una mambo zaidi, na hapo pande zote mbili huteleza.

Machi 2024 mhandisi Andres Freund alishangaa kwa nini kuingia kwenye mashine yake kwa ssh, njia ya kuingia kupitia mtandao, kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Alifuatilia hadi kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili, na kukuta matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yamewekewa mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia mashine. Wanaopenda kukompaili walisema: mnaona? Tatizo ni kwamba skripti iliyouwasha mtego ule haikuwa kwenye hazina ya git ambayo watu huisoma. Iliongezwa kwenye kifurushi cha .tar.gz cha toleo, kilekile ambacho mtu mwangalifu angekipakua ili ajenge mwenyewe "kutoka kwenye chanzo". Aliyesoma git asingeiona. Aliyekompaili bila kusoma, na ndivyo tunavyofanya karibu wote, angeipitisha bila kujua.

Lakini waliowacheka nao wasishangilie. Mtego huo ulikuwa unakagua kwanza kama ujenzi unafanyika kwa ajili ya kifurushi cha Debian au cha RPM, aina inayotumiwa na mifumo mingine ya Linux. Nje ya hapo ulitulia. Walioulenga walijua kwamba watumiaji wengi hupitia njia hiyo. Kwa hiyo mkompaili wa nyumbani aliponea, ila si kwa sababu ya uangalifu wake. Na ulipogunduliwa, walioathirika kwenye Debian ya majaribio na openSUSE Tumbleweed walirudishwa kwenye toleo salama kwa amri ya kawaida ya kusasisha. Aliyejijengea alibaki na kazi ya kusikia habari mwenyewe, kukumbuka aliweka nini wapi, na kurudia.

Kwa LibreOffice hili lina sura yake mahususi, na sioni likielezwa. Usipoielekeza vingine, make inapakua nakala zake yenyewe za maktaba nyingi za nje, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine: curl, libxml2, ICU, Boost na kadhalika. Debian wao huiambia itumie zile za mfumo kadiri inavyowezekana. Tofauti inaonekana siku libxml2 inapokutwa na tundu la usalama. Kwa mwenye kifurushi cha Debian, apt inasasisha libxml2 mara moja na kila programu inayoitumia imepona, LibreOffice ikiwemo. Kwako wewe apt pia itasasisha libxml2 ya mfumo, utaona ujumbe kwamba kila kitu ni kipya, na wakati huohuo nakala ya zamani imekaa ndani ya instdir, inafungua nyaraka unazotumiwa na watu usiowajua. Apt haijui kwamba ipo. Mwaka mmoja wa uvivu na toleo ulilojijengea "kwa ajili ya usalama" ndilo dhaifu kuliko yote kwenye mashine hiyo. Zipo swichi za kuilazimisha itumie maktaba za mfumo, lakini anayezijua swichi hizo kwa kawaida ni yuleyule ambaye angekumbuka kusasisha.

Chini ya yote lipo swali aliloliuliza Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, katika hotuba yake ya kupokea tuzo ya Turing iliyochapishwa 1984: hata ukisoma kila mstari, kompaila yenyewe ulikompaili na nini? Alionyesha jinsi kompaila inavyoweza kupandikiza mlango wa nyuma ambao hauonekani katika msimbo wowote, si wa programu wala wa kompaila. Jibu la vitendo la miaka ya karibuni halikuwa kila mtu ajijengee. Ni ujenzi unaorudufika, ambao Debian waliuanza 2013: watu tofauti, kwenye mashine tofauti, wanakompaili msimbo uleule na kupata faili linalolingana biti kwa biti. Wachache wakifanya hivyo na matokeo yakalingana, mamilioni wanaotumia apt wana sababu ya kuamini kwamba walichopewa kimetoka kwenye msimbo unaoonekana. Hapo kukompaili kuna maana ya usalama, kwa kuwa ni ukaguzi unaofanywa kwa niaba ya wengine.

Basi hoja yenye nguvu ni ipi? Ni kurekebisha. Leseni ya GPL toleo la 2, ya 1991, inayotumiwa na programu huria nyingi, haikuridhika kusema msimbo utolewe. Ilisema msimbo kamili ni pamoja na skripti zinazoongoza ukompailishaji na usakinishaji. Walioiandika walijua kwamba msimbo usiojengeka ni maandishi tu, unaweza kuyasoma lakini huwezi kuyatumia.

Historia ya LibreOffice yenyewe inalithibitisha hilo. Mzizi wake ni StarOffice ya Lüneburg, Ujerumani. Kampuni ya Sun iliinunua 1999 na kuufungua msimbo 2000 kwa jina la OpenOffice.org. Kampuni ya Oracle ilipoinunua Sun mwanzoni mwa 2010, wachangiaji waliona dalili wasizozipenda, na Septemba mwaka huo wakajitenga na kuanzisha LibreOffice. Waliweza kwa sababu walikuwa na watu wanaojua kuijenga, tena katika mfumo wa ujenzi uliokuwa mateso, wenye zana ya dmake ambayo hakuna mgeni aliyeijua. Moja ya kazi walizozifanya miaka ya mwanzo ilikuwa kuitupa dmake na kuhamia make ya kawaida ya GNU, na kutafsiri maelezo ya Kijerumani yaliyojaa ndani ya msimbo. Hakuna mtumiaji aliyeona kitufe kipya kwa kazi hiyo. Ila mlango ulifunguka kwa wageni kuingia na kurekebisha.

Kwetu suala hili la kurekebisha lina uzito zaidi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa wala kumshawishi meneja wa masoko kwamba sisi ni wateja wa kutosha. Mpaka leo, ukiipa autogen.sh swichi ya --with-lang="sw-TZ", inaleta tafsiri ya Kiswahili, na ukifungua translations/source/sw-TZ/sw utakuta .po, yaani faili la tafsiri, la sehemu ya kuandikia. (Hiyo sw ya pili si Kiswahili; ni StarWriter, masalia ya Lüneburg.)

Mtafsiri atasema hahitaji kompaila, anafanya kazi yake kwenye tovuti ya tafsiri, toleo likitoka neno lipo. Ni sawa, kama ana subira: matoleo makubwa hutoka Februari na Agosti. Lakini kwenye .po huoni kama "Mipangilio ya aya" itaenea kwenye kichupo kilichopimwa kwa neno fupi la Kiingereza, wala kama neno ulilolichagua linaleta maana likikaa karibu na jirani yake. Unaliona likiwa kwenye dirisha, na ili liwe kwenye dirisha leo, badala ya Agosti, mtu abadilishe .po, aite make, afungue soffice. Mara ya kwanza ni usiku mzima. Baada ya hapo make inagusa kilichobadilika tu, na ccache, chombo kinachohifadhi matokeo ya ukompailishaji uliopita, inakuokoa ukilazimika kuanza upya.

Kwa hiyo nikiulizwa na karani anayetaka kuandika barua, nitamwambia atumie apt na asipoteze bando lake. Nikiulizwa na mkuu wa idara ya kompyuta au kitengo cha TEHAMA chenye mashine mia moja, nitauliza kwanza ni nani hapo aliyewahi kuifikisha hadi soffice ikafunguka. Mashine moja yenye RAM ya kutosha inatosha. Instdir inanakiliwa kwenye flashi na kujaribiwa kwenye kompyuta nyingine zenye mfumo uleule. Gharama halisi ni mshahara wa mtu huyo, na kuhakikisha akihama amemwachia mwingine maelezo ya swichi alizotumia na orodha ya maktaba zilizo ndani, kwa sababu habari za tundu jipya la curl hazisubiri mtu aajiriwe.