Jamani, sikusema shahada irudishwe

Aliyewarushia ile sauti kwenye magrupu, eti nimemtaka baba mdogo arudishe shahada ya uzamivu mbele ya ukoo mzima, hakuwepo ukumbini. Alikuwa nje, kwenye foleni ya pilau. Nisikilizeni mimi mwenye aibu yangu.

Kwenye sherehe ya baba mdogo kuhitimu nilikuwa mshereheshaji wa bure, wa kifamilia. Mnajua malipo yake: soda na lawama. Kwenye kadi waliandika “erudition”, yaani usomi wa kina, kwa herufi za dhahabu, nami nikataka meza kuu ijue kwamba hata huku kwetu tunasoma. Nikaeleza kuwa Waingereza neno hilo wamelitoa kwenye Kilatini, erudire, yaani kumfunza mtu, kumtoa kwenye ughafi. Makofi! Baba mdogo na joho lake anatabasamu. Si ningekaa chini?

Sasa ile maiki, kila ikikutana na S inapiga mluzi. Nikavuta pumzi. Nikamnyooshea mkono baba mdogo, nikaitamka ile asili yenyewe kwa sauti ya mhubiri: “Rudis!”

Spika zikatoa: “RUDISHHHH!”

Kimya.

Kule nyuma mtu akauliza, “Arudishe nini?” Mwenzake akamjibu, “Shahada.” Nikaliona neno linatembea meza kwa meza. Likapita kwa wajomba. Likapita kwa kamati ya chakula, likasimama kidogo, likaongezewa chumvi. Likafika kwa bibi. Bibi akaliweka paja la kuku chini. Wenye bibi wa Kidigo mnanielewa.

“Arudishe, kwani kaiba?”

“Hapana bibi! Rudis ni Kilatini, kitu ghafi, hakijachongwa. Ndivyo baba mdogo alivyokuwa kabla ya kusoma.”

Nilidhani nazima moto.

“Kabla ya kusoma alikuwa kwangu,” bibi akasema. “Kalelewa na mimi.”

Hapo mhadhiri mmoja wa meza kuu akaona anisaidie. Akainuka, akarekebisha miwani, akathibitisha kuwa nipo sahihi kabisa, na kwamba shina hilohilo ndilo lililowapa Waingereza “rude”, mtu asiye na adabu. Kisha akakaa, ameridhika. Allah amlipe.

Didijei akafungulia muziki, maiki ikaenda kwa binamu, keki nikaiona kwenye picha. Baba mdogo yeye anacheka tu. Bibi ananitaka Jumamosi, nije na doti ya kanga. Wauza kanga, nitumieni picha. Jina lolote sawa, ila lisiwe na “rudi” ndani yake.